Mkono Umelala

Wanafunzi wa udaktari ninaowafundisha hapa Kakamega wananiogopa, na sioni sababu ya kuwalaumu. Asubuhi tukizunguka wodi, mmoja akiniambia kwamba mgonjwa "alianza kuugua jana," namsimamisha papo hapo. Jana saa ngapi? Nani alimwona mara ya mwisho akiwa mzima? Alikuwa akifanya nini? Aliongea na nani, na aliongea vipi? Nawabana hivyo mpaka wengine wanaanza kutazama viatu vyao. Wanadhani ni ukali wa kawaida wa mwalimu, na nimewaacha wadhani hivyo kwa miaka kadhaa sasa.

Swali hilo ndilo la kwanza kwa mgonjwa wa kiharusi. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ubongoni ina mwisho wake. Zikishapita saa nne na nusu tangu dalili zianze, wagonjwa wengi hawapewi tena, maana inaweza kudhuru kuliko kusaidia. Kwa hiyo kabla ya mambo mengine yote unauliza: mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi? Nami niliwahi kuulizwa swali hilo, nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa tano, kuhusu baba yangu mzazi. Nilijibu uongo.

Ila kisa changu hakianzii hospitalini. Kinaanzia kwenye ulimi wa baba.

Baba alikuwa mkulima wa miwa huko Kabras. Kiswahili chake alikipata kwa wakata miwa, kwa madereva wa matrekta na kwenye mizani ya kiwandani, wala si darasani. Herufi r na l kwake zilikuwa kama majembe mawili yanayofanana: alishika lililo karibu. Alipoketi mezani "alikura," alipochoka "alirara," na uchaguzi ulipofika alienda kupiga "kula." Lugha ya nyumbani haikumdai tofauti hiyo, na pale kijijini hakuna aliyeona kasoro yoyote, mpaka mimi nilipofika darasa la nne.

Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa akitupanga mstari kila Ijumaa ili tutamke: lala, rarua, lori, rula. Aliyekosea aliambiwa neno moja tu, "Rudia," na alirudia mpaka apate, darasa zima likimtazama. Hakutumia fimbo. Neno lenyewe lilitosha kukuchoma masikio. Nilikuwa wa kwanza kupata maneno yote manne, nikarudi nyumbani siku hiyo nikitafuta mtu wa kumfanyia ualimu.

"Mama, kuja tukure," baba akaniita jioni. Aliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake.

"Tule, Baba. Rudia."

Angeweza kunichapa. Wazee wengine pale kwetu wangenichapa, na jirani angewasifu. Yeye alirudisha tonge la obusuma, ugali wetu, kwenye sahani, akakohoa, akakaa wima kama mtoto wa shule. "Ture," akasema. Nikamwambia arudie. "Ture." Mara ya tatu akapata, akainua mikono yote miwili juu, na mama akacheka hadi akajifuta machozi kwa leso. Tangu jioni hiyo ikawa ndio mchezo wetu. Nikisema "rudia," alikuwa na nafasi tatu. Akipata, nilimwambia "sahihi." Akikosa, alisema, "Urimi haina mufupa, rakini yangu iko na mawe," na mchezo ukaishia hapo kwa kicheko.

Wageni wakija, aliniita nije kuwaamkia, kisha akakosea neno mbele yao, tena lile tulilolishinda wiki iliyopita. Nami nilimrukia: rudia! Wageni walishangaa, na yeye akawatazama mmoja mmoja, uso ukimng'aa. Nilikuwa mtu mzima kabla sijatambua kwamba mbele ya wageni alikuwa akikosea makusudi.

Nilipoingia chuo cha udaktari jina langu likawa "taktari," ingawa bado sikuwa daktari wa hata kuku. Niliendelea kumsahihisha, safari hii kwa simu. Ni afadhali niseme ukweli: kufikia wakati huo, mchezo ulikuwa umebaki kwake peke yake. Kwangu ulikuwa umegeuka kiburi. Akija kunitembelea Shieywe, hapa Kakamega, nilikopanga chumba, niliona aibu akimsalimia mwenye nyumba kwa sauti yake ya shambani, na nilimkatiza katikati ya sentensi ili nimnyooshee maneno. Alikubali kila mara. Aliketi kwenye kitanda changu cha mwanafunzi, kofia magotini, akarudia.

Wiki zile tulikuwa tukisoma ubongo. Nilipenda ubongo kuliko viungo vingine vyote kwa sababu una utaratibu. Upande wa kushoto unaendesha mkono wa kulia, na upande wa kulia unaendesha mkono wa kushoto. Kwa watu wengi, usemi umekaa kushoto. Sehemu inayoongoza uso, inayoongoza mkono, na ile inayotunga maneno ni majirani wanaochota maji kisima kimoja, nacho ni mshipa mkubwa wa damu unaopita ubavuni mwa ubongo. Mshipa huo ukiziba, majirani wote wanapata shida siku moja. Ndiyo maana tulifundishwa kutafuta vitu vitatu kwa pamoja: uso uliopinda, mkono uliolegea, usemi ulioharibika. Kimoja kinatosha kumkimbiza mtu hospitalini, na viwili havina mjadala. Nilikuwa nimeviandika kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi, nikaibandika ukutani juu ya jiko langu la gesi.

Asubuhi ninayoizungumzia, ilikuwa zamu yangu kueleza habari za mgonjwa mbele ya daktari mkubwa wa wodi, mama mmoja ambaye hakumhurumia mwanafunzi mvivu. Nilikuwa nimeshavaa koti jeupe. Nilikuwa nimesimama jikoni, yaani mbele ya lile jiko, nikinywa chai ya haraka, simu ikalia. Saa moja na dakika kumi.

"Mulembe, mama."

"Mulembe, Baba. Niko na haraka."

Akavuta pumzi. "Mama, mukono imerara."

Yeyote anayesoma haya amesikia alichosema. Mimi sikusikia. Sikusikia mkono hata kidogo. Nilisikia r mbili mahali pa l, na ngeli iliyovunjika.

"Umelala, Baba. Mkono u-me-la-la. Rudia."

Akajaribu: "Mukono... ime... ra."

"Mara ya kwanza hiyo. U-me-la-la."

"U... ra... a."

Nikacheka. Nilicheka kwa sauti, kikombe mkononi. "Leo mawe yamejaa mdomo mzima!" nikamwambia. Yeye hakucheka. Wala hakusema maneno yake ya kumaliza mchezo, yale ya ulimi na mfupa, ambayo hakuwahi kuyasahau tangu nikiwa darasa la nne. Nilingoja ayaseme. Nikatazama saa, nikaona nimechelewa, nikampa ushauri wangu wa udaktari, na huo ndio wa kwanza aliowahi kuniomba akiwa mgonjwa kweli.

"Umeulalia usiku, Baba. Utikise, utaamka. Nitakupigia jioni."

Nikakata simu. Wakati wote huo nilikuwa nimeikodolea macho ile karatasi ya ukutani, yenye wino mwekundu.

Wodini nilieleza vizuri sana. Mgonjwa wangu alikuwa mama wa makamo aliyepooza upande mmoja, na daktari mkubwa akaniuliza ni mshipa upi, nikautaja. Akaniuliza nimejuaje, nikamwambia kwa sababu uso na mkono vimelegea kuliko mguu, na maneno yamepotea. "Vizuri," alisema, neno ambalo lilikuwa adimu kinywani mwake. Simu ilitetemeka mfukoni mwa koti mara mbili. Nilipoitoa mchana, nikaona zote mbili ni za baba. Nikatabasamu. Nilijiambia: amelipata neno, anataka kunisomea. Nikampigia, hakupokea. Nikajua yuko shambani, maana wakata miwa walitarajiwa wiki hiyo. Nikaenda kula mandazi na wenzangu.

Mama alikuwa ameenda Matete. Alikuwa na kibanda chake sokoni huko, akiuza mahindi na maharagwe. Alitoka saa kumi na mbili, akamwacha baba akinywa chai nje ya mlango, mzima, akimtania kwamba asiolewe huko sokoni. Alirudi saa tisa alasiri. Alimkuta sakafuni kati ya kiti na mlango, uso umeenda upande, suruali imelowa, na ile simu yake ndogo ya vibonyezo ikiwa kwenye mkono wa kushoto. Baba hakuwahi kushika simu kwa mkono wa kushoto. Mama aliniambia jambo hilo mara nyingi baadaye, akilishangaa, na kila mara nilishangaa pamoja naye.

Majirani walijaa. Mmoja alisema ni presha. Mwingine alisema ni yule waliyegombania naye mpaka wa shamba, amemroga. Mwingine akakimbia kwake akarudi na uji wa wimbi ulio moto, wakamkalisha, wakamnywesha, akapaliwa, akakohoa mpaka akabadilika rangi. Siku hizi nawaambia wanafunzi: wafundisheni watu wasimpe mgonjwa wa kiharusi chochote mdomoni kabla hajapimwa kumeza, maana koo nalo huwa limelegea. Kisha nawaambia: lakini aliyeleta uji msimkaripie. Alikuja mbio na alichokuwa nacho.

Walifika hospitalini saa kumi na moja jioni kwa gari la jirani. Nilikuwa nimesimama mlangoni tangu mama aliponipigia. Sikungoja daktari yeyote. Niliinama juu ya kile kitanda cha magurudumu, nikamwambia, "Baba, tabasamu." Nusu ya uso ikapanda, nusu ikabaki. "Inua mikono yote." Ukapanda mmoja. "Sema jina lako, Baba."

Akanitazama. Jina lake alilijua. Hata siku ya wiki aliijua, na mimi ni nani, yote niliyaona machoni mwake. Mdomo ukafunguka ukatoa "ra." Akajaribu tena. "Ra." Akapiga kitanda kwa ngumi ya kushoto, akageuza uso ukutani.

Nimesoma kurasa nyingi kuhusu hali hiyo, na naifundisha. Sehemu ya kutunga maneno imekosa damu, ile ya kuelewa imesalia kwa kiasi kikubwa. Mtu anajua anachotaka kusema, na hakitoki. Hakuna ukurasa ulionieleza jinsi mgonjwa huyo anavyokutazama kama ulikuwepo akijaribu mara ya kwanza.

Picha ya kichwa ilionyesha kwamba hakukuwa na damu iliyovuja. Ni mshipa ulioziba, upande wa kushoto. Daktari mkubwa, yule yule aliyenisifu asubuhi, alirudi akiwa na faili, akamwuliza mama kwa upole ambao wanafunzi hatukuuzoea, "Mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili asubuhi, daktari. Nirimwacha hapo nje anakunywa chai, nikaenda soko." Kisha mama akaanza kulia. "Ningekaa tu nyumbani. Mimi nirienda kutafuta nini huko Matete?"

"Kuna mtu yeyote aliyeongea naye baada ya hapo?"

Swali hilo alinigeuzia mimi, kwa kuwa mama alikuwa akilia.

"Hapana," nikasema.

Jibu langu halikubadilisha tiba. Dawa ya kuyeyusha ilikuwa imeshapitwa na wakati, uhesabu tangu saa kumi na mbili au tangu saa moja na dakika kumi. Nimelilalia jambo hilo kama mto kwa muda mrefu. Hata kama ningeelewa simu ile, sijui kama siku hiyo dawa ingepatikana karibu nasi, pengine isingepatikana. Lakini kutoka Shieywe mpaka nyumbani ni mwendo wa chini ya saa moja. Angekuwa kitandani kufikia saa tatu. Angepimwa koo kabla ya kumezeshwa kitu. Asingelala sakafuni peke yake akibonyeza jina langu kwa mkono asiouzoea. Hayo siyakisii, nayajua.

Baadaye mama alinipa ile simu nimshikie ili aingie wodini. Nikasimama ukumbini, nikafungua orodha ya simu alizopiga. Daktari, saa moja na dakika kumi. Daktari, saa mbili na robo. Daktari, saa tatu. Jina hilo nililiandika mimi mwenyewe siku nilipomnunulia. Nikazifuta zote tatu. Kidole kilifanya kazi hiyo kabla sijakubaliana nacho.

Halafu nikachungulia mlangoni, nikamwona baba akijaribu kumwambia mama jambo, akishindwa. Nikafurahi. Kwa muda mfupi sana, nilifurahi kwamba hawezi kusema. Nimekosea mambo mengi katika kazi hii, na mengine yamewaumiza watu, lakini hakuna linalonitia aibu kama furaha ile. Watu husema majuto ni mjukuu, maana huja mwisho. Wangu alifika siku hiyo hiyo, na bado namlea.

Ule uji uliingia mapafuni, akapata nimonia, akakaa wodini karibu mwezi mmoja. Alirudi nyumbani na aspirini, dawa za presha, kiti cha kukalia nje na mkono wa kulia uliojikunja. Yakaanza mazoezi. Sehemu ya ubongo iliyokufa hairudi, lakini jirani zake wanaweza kufundishwa baadhi ya kazi zake, polepole, na njia ya kuwafundisha ni moja: kufanya jambo lile lile tena na tena, mara mia, hata linapokera. Mtaalamu wa mazoezi aliyekuja wiki za kwanza alimwambia baba, "Rudia, mzee. Rudia." Alimwambia hivyo bila kujua. Nilitoka nje nikajifanya napigiwa simu. Mimi nilipokuwa nikimfanyisha mazoezi mwishoni mwa wiki, nilimwambia "tena." Lile neno jingine halikunitoka.

Maneno yalikuwa machache: "ra," na "ee," na tusi moja la kinyumbani lililotoka zima bila kuitwa siku kikombe kilipomwanguka, mama akafurahi kama aliyesikia Injili. Ajabu ni kanisani. Mtu asiyeweza kuomba maji aliimba na waumini wimbo mzima, maneno yote. Mama aliamini ni muujiza. Nilimweleza kwamba wimbo hupitia njia nyingine, kwamba upande wa kulia wa ubongo, ambao haukuguswa, unabeba sauti na kuyavuta maneno nyuma yake. "Basi huo ndio muujiza wenyewe," mama akasema. Nikamshauri awe akiimba naye kila asubuhi.

Lakini Matete mama hakurudi tena. Kibanda chake alipewa mwingine. "Mimi na soko turiachana," alisema. "Soko iriniibia bwana." Kila mgeni aliyekuja kumwona baba alisimuliwa upya: jinsi alivyotoka saa kumi na mbili, jinsi baba alivyomtania, jinsi ambavyo angekaa tu nyumbani. Wengine walimfariji. Wengine walinyamaza kwa namna ya kukubali, hasa akina mama wa kanisani, na niliona wanavyomtazama. Mimi niliketi pale pale na kikombe changu cha chai. Mgeni akinigeukia, "Daktari, kama angefika mapema?" nilijibu, "Ni vigumu kujua." Lilikuwa jibu la kitaalamu.

Na baba alinitazama. Laiti angekuwa na hasira, ningevumilia. Alinitazama kama alivyonitazama enzi zile nikiwa na miaka kumi, kofia magotini, kana kwamba zamu bado ni yake.

Miezi minane hivi ikapita. Mama akaniambia kwa simu, "Siku hizi anaimbanga peke yake asubuhi, hata simusaidii. La-la, la-la. Nikimkaribia ananifukuza." Nilimwambia ni dalili njema, amwache aimbe.

Jumapili moja baada ya ibada nilikuwa nyumbani. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka akichambua mboga za murere, akiyatupa majani kwenye ungo uliokuwa mapajani. Baba yuko kwenye kiti chake, mkono wa kulia umekaa pajani pale unapowekwa. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda kati yao, nikiwasimulia jambo la hospitalini lisilo na maana. Baba akagonga kiti kwa mkono wa kushoto. Tukamgeukia.

"M-kono," akasema.

Hakusema mukono. Mishipa ya shingo ilimsimama. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Alifumba macho, akayafumbua.

"U-me-la-la."

L zote mbili zilikuwa safi, za mtangazaji wa redio. Ngeli ilikuwa mahali pake. Akanigeukia, nyusi juu, akangoja. Ndipo nikaelewa zile nyimbo za asubuhi. Miezi minane yote mtu huyu alikuwa hajakata simu. Alikuwa bado kwenye nafasi yake ya tatu, akitafuta jibu nililomwomba.

Mama alipiga kigelegele, ungo ukamwagika. "Amesema! Amesema maneno mbili! Mukono imerara, baba watoto? Nani amekufundisha hiyo?"

"Sahihi, Baba," nikasema. Nusu ya uso wake ikatabasamu. Aliinua mikono juu kama zamani, ukapanda mmoja.

Nikatazama majani yaliyomwagika, nikasema chini chini, haraka, kama mtu anayetema, "Ni mimi, mama. Alinipigia siku ile, saa moja asubuhi. Aliniambia mkono umelala, nikamcheka. Si wewe. Si soko."

Mama alikuwa amepiga magoti, akiokota murere, bado anacheka peke yake. "Unasema nini? Sijasikia."

Ningeweza kumwambia si kitu. Angeendelea na mboga zake, na wageni wa Jumapili ijayo wangesimuliwa tena habari za Matete.

Baba akagonga kiti.

"Ludia," akaniambia.

Alikuwa ameweka l mahali pa r. Sikumsahihisha. Nikarudia.